Mwalimu kamwaga viluwiluwi wangu wa mbu, namba moja kapewa mwenye manila iliyokosewa. Hii ndiyo baiolojia?

Shikamooni wakubwa. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Niko kidato cha nne, shule ya kata hapa Temeke, jina la shule naliacha. Yaliyonikuta ni ya mwaka jana nikiwa kidato cha tatu, lakini wiki hii wadogo zetu wamegawiwa projekti kwa mtindo uleule na nimeshindwa kunyamaza.

Tuliambiwa kila mtu achague mada ya baiolojia, tupewe wiki tatu, na alama ziingie kwenye maendeleo. Nikachagua mbu. Mdogo wangu alikuwa ameugua malaria mara mbili mwaka ule, na mtaani kwetu kila mtu anakwambia mbu wa malaria anazaliwa kwenye mtaro unaonuka. Nikasema ngoja nikaone mwenyewe.

Nilichota maji sehemu mbili. Kopo la kwanza nilijaza kwenye mtaro nyuma ya soko, maji meusi. La pili nikajaza kwenye dimbwi la mvua pembeni ya uwanja wa mpira, maji meupe yanayopigwa jua kutwa. Yote yalikuwa na viluwiluwi. Nikawamimina kwenye bakuli jeupe la bibi, nikainama. Jamani, sikuwahi kujua! Wale wa mtaroni walining'inia kichwa chini, mkia juu, na mkiani wana kamrija kanakogusa uso wa maji, ndiko wanakopumulia. Wale wa dimbwini hawakuwa na mrija wowote, wamelala bapa juu ya maji kama vijiti vya fagio. Ukipitisha kivuli cha mkono wote wanazama kwa kujipinda, halafu wanarudi kila mmoja kwa mkao wake.

Nikaenda kusoma. Wanaoning'inia ni kuleksi, wanaolala bapa ni anofelesi, ambaye ndiye wa malaria. Kumbe anofelesi wa kwetu anapenda hasa maji masafi yaliyotuama juani, na huyu wa mtaro mchafu ni kuleksi anayetunyima usingizi na kueneza matende. Na aedesi, aliyetuletea homa ya dengi hapa Dar mwaka 2014 na tena 2019, anataga kwenye makopo, matairi na vifuu vyenye maji ya mvua. Mtaani tunazibua mtaro tu, tena ukiwa umefurika, na dimbwi la uwanjani watoto wanarukaruka ndani yake. Hilo sikulipata kwenye notisi za ubaoni, nililipata kwenye bakuli.

Nikayapeleka makopo shule, nimeyafunika kwa kipande cha chandarua na kukaza kwa mpira. Kila asubuhi kabla ya kuhesabiwa mstarini nahesabu, nachora, naandika kwenye daftari. Siku ya sita wawili wa dimbwini wakageuka bundo, yaani hatua ya mwisho kabla ya kuwa mbu, wamejikunja kama alama ya mkato, hawali kitu ila wanaogelea. Siku ya nane nikaona ngozi ya bundo imepasuka mgongoni na mbu anajitoa taratibu, miguu kwanza ikiwa laini, akasimama juu ya ganda lake tupu akisubiri mabawa yakauke. Niliita darasa zima. Hata wanaochukia baiolojia walikuja.

Siku ya tisa nakuta makopo matupu kwenye karai la usafi. Mwalimu kasema nafuga malaria shuleni, na kwamba projekti ni kazi safi inayobandikwa ukutani, siyo uchafu. Nilijaribu kumwambia kwa adabu: mwalimu, mbu aliyetoka kwenye bundo leo hana malaria. Mpaka jike amuume kwanza mtu mwenye vimelea, na vimelea vikae siku kumi au zaidi mwilini mwake ndipo aweze kumwambukiza mwingine. Na makopo yamefunikwa. Nikaambiwa nina mdomo. Nikapewa siku mbili nilete manila.

Sasa sikilizeni kilichoniuma kuliko vyote. Aliyepewa namba moja naye alichora mbu. Manila yake nzuri kweli, rangi nne, maandishi ya rula, kaichoresha kwa kijana wa steshenari kwa elfu kumi. Katikati kuna kiluwiluwi kaning'inia kichwa chini, ana mrija mkiani, na pembeni kumeandikwa ANOFELESI. Ni kosa! Mchoro huo umebandikwa maabara mpaka leo, na kidato cha kwanza wanaunakili kwenye madaftari yao. Mwenzangu simlaumu, alifanya kinachotakiwa. Mimi nilileta manila ya mzunguko wa maji, nikapata 60.

Na siyo mbu tu. Mikroskopu tunayo, imefunikwa gunia ndani ya kabati, na funguo zinatoka wakija wakaguzi. Amiba nimemchora mara nne kutoka ubaoni, sijawahi kumwona. Kupima wanga kwenye jani tumesoma hatua zote: chemsha kwenye maji, chemsha kwenye spiriti mpaka umbijani, ile rangi ya kijani, utoke, suuza, dondoshea ayodini. Wengi wetu tutaliona jani hilo kwa mara ya kwanza kwenye mtihani wa taifa, na kabla ya hapo watu watashinda wakitabiri vitakavyotoka kutokana na karatasi ya maandalizi ambayo shule hupewa saa 24 kabla ya mtihani.

Halafu tunaambiwa tujivunie Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya moto kwenye friza na yakaganda kabla ya ya wenzake yaliyopoozwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, darasa likamcheka. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dk. Denis Osborne, aliyekuwa amekuja kuzungumza nao akitokea chuo kikuu cha Dar es Salaam. Huyo hakumcheka, alirudi akalijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Vitu vyake vilikuwa maziwa, sukari na friza ya shule. Hakuwa na manila.

Najua walimu mna hali ngumu, madarasa yana watu themanini, vifaa hakuna. Lakini bakuli na maji ya dimbwi havikuombewa bajeti! Vilikuwa vimeshafika, viko dirishani, vinafanya kazi.

Daftari langu ninalo, siku nane, michoro kumi na saba. Walimu wa baiolojia mliomo humu, naombeni mnijibu bila kunizunguka: lingekuja mezani kwako pamoja na ile manila, ungelipa ngapi? Na ule mchoro ulioko maabara, nani wa kuutoa?