Mfumo wa masomo wa chuo: tuweke Moodle yetu hapa Pemba au tuchukue vya bure vya makampuni?

Maalim wa Wete
Asalaam aleikum. Nalileta hili hapa maana juzi kwenye kikao cha wakufunzi tulikaribia kukosana. Chuo chetu masomo ya mtandaoni yote yanakwenda kwa magrupu ya WhatsApp, mie nasema imetosha, tuweke Moodle yetu wenyewe, yaani mfumo wa kuwekea masomo, mazoezi na mitihani mtandaoni, wenzangu wanataka Google Classroom, darasa la mtandaoni la kampuni ya Google, kwa vile ni bure na haina kazi. Mwanafunzi mmoja nilimpa sifuri ya zoezi, kaja na simu yake kioo kimepasuka, akanipandishia chati mpaka nikaliona, alilituma saa nne usiku, na baada yake zimejaa voisi, salamu za Ijumaa na picha za harusi ya mtu. Kosa langu, nikamrejeshea maksi zake, lakini wangapi walinyamaza?

Moodle ni programu huria, unapewa pamoja na msimbo wake, yaani maandishi yaliyoitengeneza, kwa leseni huria ya GPL, unaweka kwenye kompyuta yako na hakuna anaekuja kukudai. Ilitoka 2002, kaianzisha Martin Dougiamas wa Australia, na huyu utotoni alikaa jangwani mbali na skuli akasomeshwa kwa redio, ndo maana mie naona shida zetu anazijua. Ninachotaka ni seva, yaani kompyuta inayobeba mfumo wote, ikae hapa hapa chuoni. Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika intaneti ikawa ya kuvizia? Seva ikiwa ndani, mtu anaingia kwa waifai ya chuo bila bando, nje kukatike kusikatike notsi zipo.

Fundi Darajani
Maalim nakuheshimu sana lakini hapo cha bure ni leseni tu. Niliwahi kuitwa chuo kimoja, sikitaji, walikuwa na Moodle hiyo hiyo iliyowekwa na mradi, mradi ukaisha, kijana aliekuwa akiiangalia kaondoka na paswedi kichwani. Nafungua ile kompyuta, vumbi limeganda kwenye feni kama sufi, disk inagonga tu, nauliza bakapu, nakala ya akiba, iko wapi naambiwa imo humo humo. Kazi za wanafunzi za miaka miwili zimepotea, mwalimu mmoja alikaa kwenye kiti hakusema neno.

Moodle inatoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka, na toleo la kawaida linapata marekebisho ya usalama mwaka na nusu, baadae ukibaki nalo wahuni wanaingia. Na umeme wenu Pemba unatoka Tanga kwa waya wa baharini, ukikatika ghafla katikati ya mtihani database, yaani hazina ya kumbukumbu zote za mfumo, ndo inaumia. Sisi Unguja tulikaa giza miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tunajua. Classroom mwalimu anafungua darasa dakika tano, seva wanaangalia wao.

Mwanafunzi, Kisiwa Panza
Samahanini wakubwa zangu, nyie mnasema seva mie nasema bando. Mie nikitoka chuo navuka maji kurudi nyumbani, mtandao wa kule unakuja na kuondoka. Classroom na hiyo Moodle ikiwa nje zote zinanila bando sawasawa. Rafiki yangu anasoma chuo kingine wanatumia app ya Moodle, anadaunlodi somo zima akiwa chuoni, anasoma nyumbani bila mtandao, hata kwizi anajibu ikiwa mwalimu kairuhusu, akirudi kwenye waifai majibu yanajituma. Hilo ndo ninalolitaka. Na walimu jamani msitupige picha madaftari mkatutumia PDF ya MB 40, andikeni, zoezi la ukurasa mmoja linakula bando la siku nzima.

Mwalimu wa skuli, Unguja
Kwa skuli zetu za chini Moodle naona ni nzito, kuna Kolibri, mfumo mwengine wa masomo, nao huria, imetengenezwa makusudi kwa pasipo na intaneti, inakwenda hata kwenye kale kakompyuta kadogo ka Raspberry Pi, na Kiswahili imo. Vyuo jadilianeni wenyewe.

Maalim wa Wete
Fundi uliyosema yote kweli sikatai. Ila hayo makampuni nayo masharti yanabadilika, Google kwa taasisi za elimu nafasi ya kuhifadhi mafaili ilikuwa haina kikomo, 2022 wakaweka kikomo, na hatukuulizwa.

Fundi Darajani
Kikomo chenyewe ni TB 100 kwa taasisi nzima Maalim, chuo chako hakiijazi hata mkae miaka kumi. Usishike hoja hiyo, shika ya yule binti wa Kisiwa Panza, ile ndo imenigusa mie.

Maalim wa Wete
Sawa, hiyo naiacha. Basi nipendekeze hivi, tuanze na masomo mawili tu muhula huu, UPS, betri ya kushika umeme ukikatika, tununue kabla ya seva, bakapu ichukuliwe kila Alhamisi kwenye disk mbili, moja ikae kwa mhasibu, moja iende Unguja na boti. Na kwenye bajeti liandikwe fungu la fundi kila mwezi, tena wafundishwe wakufunzi wawili wa chuo wasiwe mmoja, akiondoka mmoja kazi isife. Leseni hatulipii, basi pesa tuliyonayo ndo hiyo impe mtu wetu ujira.

Fundi Darajani
Hapo kwenye fungu la fundi ndo nilipokuwa nikingojea. Nakuja na boti ya Jumamosi niione hiyo kompyuta na chumba chenyewe, kama jua la jioni linapiga dirishani tutahamisha. Lakini siweki kitu mpaka nione barua ya mkuu wa chuo kwamba fungu hilo lipo, na majina ya hao wawili.