Kwotabeki mkongwe na mshahara wake: Denver ilikosea wapi kwa Russell Wilson?

Mkaazi wa Aurora

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Colorado na nimeifuatilia Denver Broncos, timu ya kandanda ya Marekani, tangu kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) Peyton Manning alipohamia hapa mwaka 2012. Kila tunapozungumzia kuachwa kwa Russell Wilson mwezi Machi 2024, wenzangu husema kwamba alikuwa amekwisha, na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi jibu hilo halinitoshi, kwa sababu msimu wa 2023 alirusha pasi 26 za tachidauni, yaani za kufunga, na kuporwa na wapinzani pasi 8 tu. Je, kwotabeki wa umri wake, ambaye bado anacheza vizuri ingawa si bora kabisa, hupimwaje dhidi ya fedha anazolipwa, hata klabu ikaona ni afadhali kumlipa akacheze kwingine?

Hesabu za Jioni

Ndugu Mkaazi, mshahara unaotajwa magazetini si gharama yenyewe. Ligi ya NFL huweka kikomo cha mishahara kwa kila timu, ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola milioni 255.4, na bonasi ya kusaini, hata ikilipwa yote siku moja, hugawanywa katika vitabu kwa miaka isiyozidi mitano. Mchezaji akiachwa kabla ya wakati, sehemu iliyobaki inaendelea kuhesabiwa ilhali yeye hayupo. Kwa Wilson, Denver ilibeba takribani milioni 85, yaani 53 mwaka 2024 na 32 mwaka 2025.

Hata hivyo, fedha hizo nyingi zilikuwa zimekwisha kuahidiwa, abaki au aondoke. Kilichokuwa kikiamuliwa ni mshahara wa 2025, milioni 37, ambao ungekuwa na dhamana kamili, yaani angelipwa hata akiachwa, iwapo angekuwa bado kikosini katikati ya Machi 2024, na ambao dhamana yake dhidi ya majeraha ilikuwa tayari inafanya kazi: akiumia, klabu ingeweza kulazimika kuulipa. Ndiyo maana wengi hawakushangaa alipowekwa benchi katika mechi mbili za mwisho. Klabu ilisema sababu ni za kimchezo. Wilson alieleza hadharani kwamba alikuwa ameambiwa mapema kuwa asipokubali kuibadili dhamana hiyo atakaa benchi.

Shabiki wa Zamani

Mimi ningemrudisha muulizaji kwa huyo huyo Manning aliyemtaja. Indianapolis Colts walimwacha mwezi Machi 2012, akiwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa shingo, badala ya kumlipa bonasi ya milioni 28. Denver wakampa mkataba wa miaka mitano wa milioni 96, lakini uliojengwa kwa tahadhari: mwaka wa kwanza ulikuwa na dhamana, na miaka iliyofuata ilitegemea shingo yake kupita vipimo. Mwaka 2015, akikaribia miaka 40, alikubali kupunguziwa milioni 4, akazirudisha zote kwa kutwaa ubingwa wa AFC, nusu moja ya ligi, na kisha Super Bowl 50, fainali ya ligi nzima.

Sasa tazameni takwimu zake za msimu huo: tachidauni 9, pasi alizoporwa 17. Wilson aliyefukuzwa alicheza vizuri kuliko Manning aliyebeba kombe! Mlinzi Von Miller na safu ya ulinzi ndio walioibeba timu, na safu ya namna ile haijengwi pale ambapo mtu mmoja amemeza chungu chote.

Asiyesadiki

Mzee Shabiki, naheshimu kumbukumbu zako, ila tusimhukumu Wilson kwa kosa la waliomsajili. Mkataba wake wa miaka mitano, milioni 245, haukuwa wa ajabu sokoni mwaka 2022, kwani kwotabeki mwenzake Aaron Rodgers alikuwa amefikia milioni 50 kwa mwaka. Kosa ni wakati. Wilson alikuja kutoka Seattle akiwa bado na miaka miwili katika mkataba wa zamani, na Denver wakamwongezea mpya mwezi Septemba kabla hajawachezea mechi hata moja ya ligi. Msimu huo walimaliza kwa ushindi 5 na vipigo 12.

Los Angeles Rams nao walitoa chaguo mbili za raundi ya kwanza, yaani haki za kuchagua wachezaji chipukizi, kumpata kwotabeki Matthew Stafford mwaka 2021, lakini walisubiri. Alicheza msimu mzima, akashinda Super Bowl, ndipo wakamwongezea mkataba. Denver, baada ya kutoa chaguo mbili za raundi ya kwanza, mbili za raundi ya pili na wachezaji watatu, waliona haya kujadiliana bei, na mwenye haya sokoni hulipa anachotajiwa.

Mkaazi wa Aurora

Nawashukuru wote, hoja ya wakati ndiyo niliyokuwa naikosa. Jambo moja bado linanisumbua. Mwaka 2024 Denver walimchagua kwotabeki chipukizi Bo Nix katika nafasi ya 12, mkataba wake wote wa miaka minne ukiwa takribani milioni 18.6, na wakashinda mechi 10 na kurudi kwenye mchujo kwa mara ya kwanza tangu kombe la Manning, huku zile milioni 53 zikiwa bado shingoni mwao. Wilson naye alikwenda Pittsburgh kwa milioni 1.21 tu, kiasi kilichobaki hadi milioni 39 kikilipwa na Denver. Kwa Pittsburgh, basi, kwotabeki yule yule aliyekuwa mzigo hapa alikuwa karibu bure.