Lamu hadi New York: tiketi yaonyesha saa saba, je, safari ni ya muda gani hasa?

Binti wa Mkomani:
Assalaam aleikum. Mamangu, ambaye hajawahi kupanda ndege kubwa, atasafiri Januari kwenda New York kumwona mjukuu wake. Tiketi yasema ndege itaondoka Nairobi 23:25 na kufika 06:25, nami nikihesabu napata saa saba tu, ilhali ndugu yangu aliyeko huko ashikilia kuwa ni zaidi ya maradufu. Naomba kujua umbali na muda halisi, kwani mama anatumia dawa za sukari na nataka apange vipimo vya dawa hizo kabla ya kuondoka.

Nahodha wa Langoni:
Waaleikumu salaam, mwanangu. Kila saa iliyoandikwa katika tiketi ni ya mahali penyewe: ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kufika ni ya New York. Mwezi wa Januari wao wako nyuma yetu kwa saa 8, hivyo 06:25 yao ni saa nane na dakika ishirini na tano mchana hapa Lamu. Ukihesabu kutoka saa tano na dakika ishirini na tano usiku, utapata saa 15 kamili. Nduguyo amesema kweli.

Umbali ni takriban kilomita 11,800, yaani karibu maili 6,400 za baharini, na marubani hutumia maili hizo hizo tunazozitumia sisi mabaharia. Kurudi huwa ni kama saa 14, kwa sababu huko juu ndege inakopita upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi ya kaskazini ya dunia huzidi nguvu. Ni kama chombo kinachotoka Mombasa kuja Lamu wakati wa kusi: njia ni ile ile, lakini upepo umekushika mgongo.

Msafiri wa Manda:
Dada, usisahau kipande cha kwanza. Kutoka Manda, uliko uwanja wa ndege wa Lamu, hadi Nairobi ni kilomita 450 hivi, lakini ndege nyingi za Lamu hutua uwanja wa Wilson, na ya New York huondoka uwanja wa Jomo Kenyatta. Mama atachukua mizigo yake mwenyewe na kuvuka mji kwa gari, kwa hiyo msimpangie ndege ya jioni.

Dawa zote zikae katika mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Siku yake ya safari itarefuka kwa saa 8, na ni daktari wake atakayeamua vipimo vigawanywe vipi. Mimi nilimshauri shangazi yangu asiiguse saa yake ya mkononi mpaka atue, naye alifuata saa za Lamu njia nzima bila kukosa dozi.

Binti wa Mkomani:
Ahsanteni sana. Kesho asubuhi nampeleka kwa daktari, na tiketi ya Manda nitaiomba ibadilishwe iwe ya asubuhi.