Kuhiji Velankanni na kuona mahekalu ya Tamil Nadu: tujipangeje?

Wakuu, wanajumuiya wanane hapa Nyakato tunataka kuhiji Velankanni, kituo cha hija cha Bikira Maria katika jimbo la Tamil Nadu, India, tupitie na miji ya Madurai na Thanjavur kuona mahekalu ya Kihindu. Twende mwezi gani?

Jibu: Sikukuu ya Bikira Maria wa Velankanni huanza Agosti 29, bendera inapopandishwa, hadi Septemba 8. Vyumba hujaa kabisa. Mkitaka kusali kwa utulivu nendeni Januari au Februari, joto limepungua. Shukeni treni Nagapattinam, kisha basi kama kilomita 12 kwenda kusini.

Jibu: Madurai msifike saa saba mchana! Hekalu la Meenakshi hufungwa mchana, hufunguliwa tena kama saa kumi. Simu na viatu vinabaki nje, tunzeni tokeni. Sakafu ya mawe inaunguza nyayo, bebeni soksi. Mabega na magoti yafunikwe, kitenge kinatosha. Wasio Wahindu hawaingii patakatifu pa ndani, tafadhali heshimuni hilo.

Jibu: Thanjavur ipeni nusu siku, mkaone hekalu la Brihadeeswarar. Mfalme Rajaraja Chola alilikamilisha hekalu lile mwaka 1010, mnara wa mita 60 na ushee, wote granaiti kama miamba yetu ya Mwanza. Mkipitia Chennai, kaburi linaloaminika kuwa la Mtume Tomaso liko chini ya kanisa la San Thome.