Kampeni ya kwanza kwa kundi la wageni: Phandelver, Cthulhu au Cairn?

Mwambao
Wakuu, salaam. Tuko sita hapa Tanga, msimulizi mmoja (anayeendesha kisa) na wachezaji watano, kila mmoja na mhusika wake, wote wageni kabisa wa hii michezo ya kuigiza mezani. Nafasi tunayo Jumamosi, Alasiri mpaka adhana ya Magharibi, kama saa mbili na nusu. Wanaoweza kusoma kitabu kizima cha Kiingereza ni wawili tu, kwa hiyo mezani ni Kiswahili. Nimepunguza orodha hadi tatu: Lost Mine of Phandelver, iliyomo kwenye boksi la kuanzia la Dungeons & Dragons la 2014; The Haunting, kisa cha mchezo wa kutisha wa Call of Cthulhu; au kanuni za Cairn na kisa tutakachotunga wenyewe. Ipi tuanze nayo, na ipi itatufia njiani?

Fundi Dadu
Mkuu, Phandelver ni kisa kizuri, na boksi lake linakupunguzia kazi: wahusika watano wameshaandikwa, dadu zimo, na kinawatoa wachezaji ngazi ya 1 hadi ya 5. Ila kina mtego mwanzoni kabisa. Aya inayofuata ni ya msimulizi, wachezaji wairuke.

Wahusika wanasindikiza gari la mizigo, na vibwengo wanne wanavizia njiani. Wawili wanakuja na panga, wawili wanabaki mbali na mishale. Kila mmoja ana kinga 15 (namba ya kufikia ili umpige) na pointi 7 za uhai, na pigo lake ni wastani wa pointi 5. Mhusika wa uchawi wa ngazi ya 1 ana pointi 7 au 8 tu, maana yake mishale miwili inamlaza. Mchezaji mwenye nyongeza ya 5 (anayoijumlisha na namba ya dadu) lazima apate 10 au zaidi kwenye dadu ya pande 20 ndipo apige, yaani nafasi 11 kati ya 20. Karibu nusu ya mapigo yanapita hewani. Sasa weka na muda: watu tisa uwanjani, kila mmoja dakika 3 kwa sababu bado anatafuta namba kwenye karatasi yake, mzunguko mmoja tu umekula dakika 27. Magharibi itaadhiniwa bado mko barabarani na gari la mizigo.

Dawa yake ni kuondoa vibwengo wawili. Na wakishindwa, usiwaue wahusika: kitabu chenyewe kinasema vibwengo huwapora na kuwaacha wamezirai. Mbele kidogo, mkubwa wa pango la kwanza anapiga wastani wa pointi 11, kwa hiyo waonjeshe ukali wake kabla hawajamfikia. Wasikie mfungwa akimtaja kwa hofu, waone mlango uliovunjwa kwa pigo moja.

Kama moyo wenu uko kwenye D&D, tafuteni boksi la 2022, Dragons of Stormwreck Isle. Ni fupi, ngazi ya 1 hadi 3, na linaanza na maiti zinazotembea badala ya vibwengo. Kinga yao ni 8, wazito wa miguu. Yule yule mwenye nyongeza ya 5 sasa anahitaji 3 tu, nafasi 18 kati ya 20. Mgeni anayepiga mara nyingi anaelewa mchezo haraka kuliko anayekosa. Tahadhari moja: maiti ana pointi 22, na akifika sifuri anarusha dadu na huenda akabaki amesimama na pointi 1. Msimulizi aijue kanuni hiyo kabla ya kikao, la sivyo wachezaji watadhani anawaonea.

Bi Chumbageni
Ndugu Mwambao, mimi ningekwambia The Haunting. Sheria za kuanzia zinapakuliwa bure kwenye tovuti ya Chaosium, wachapishaji wake, na kisa kimo humo humo. Kwa muda wenu, vikao viwili vinatosha. Hesabu yake ni asilimia, na asilimia kila mtu anaijua tangu shule: una 45 kwenye Kusikiliza, dadu za 1 hadi 100 zikileta 45 au chini, umefaulu. Hakuna cha kujumlisha.

Kinachoharibika huwa ni upelelezi. Wachezaji wanaenda maktaba, wanarusha dadu, wanashindwa, kisha kisa kinasimama kama dau lisilo na upepo. Kwa hiyo taarifa ambayo kisa hakiendi bila yake itolewe bure kwa yeyote anayetafuta mahali sahihi. Dadu iamue ziada tu, kwa mfano amechukua muda gani au nani amemwona akiulizauliza. Vilevile kuna kanuni ya kulazimisha: ukishindwa unaweza kurudia mara moja kwa njia nyingine, lakini ukishindwa tena matokeo ni mabaya zaidi. Waelezeni mapema, maana wageni hawaiulizi.

Jambo jingine linalosomwa kinyume ni akili timamu. Mhusika akipoteza pointi 5 au zaidi za akili timamu kwa mpigo, anarusha dadu dhidi ya uwezo wake wa akili, na *akifaulu* ndipo anapopagawa. Ameelewa alichokiona. Akishindwa, akili yenyewe imeuzika ule utisho na anaendelea.

Kisa kiko Boston ya miaka ya 1920, na hapo kundi lenu litahangaika kujua mtu wa huko anaongeaje na askari au na mwenye nyumba. Mnaweza kukihamishia Tanga ya miaka hiyo hiyo, enzi ya Mwingereza. Nyumba ya kupanga yenye sifa mbaya, mwenye nyumba anayetaka isafishwe jina: hilo linakaa popote. Vipande vya magazeti vitafsirini kabla ya kikao, na mviandike kwa lugha ya Mambo Leo, gazeti lililoanza 1923. Kwa habari za kale zaidi lipo Kiongozi, lililochapwa hapa hapa Tanga wakati wa Wajerumani.

Kaka wa Duga
Dada hapo juu kaeleza vizuri, ila tuangalie kitu kimoja: msimulizi atabeba nini kichwani kwa Kiswahili bila kufungua kitabu? Kila anaposimama kusoma Kiingereza kimoyomoyo, watu watano wanashika simu. Kwa kipimo hicho Cairn inashinda.

Leseni yake ni ya wazi, CC BY-SA 4.0. Mnaruhusiwa kuitafsiri, kutoa kopi na kugawa, mradi mtaje mwandishi na tafsiri yenu iwe chini ya leseni hiyo hiyo. Mhusika ana sifa tatu, Nguvu, Wepesi na Utashi, kila moja dadu tatu za kawaida zikijumlishwa, kisha unaruhusiwa kubadilishana mbili. Anabeba vitu kwenye nafasi 10, zikijaa zote pointi zake za kujikinga zinakuwa sifuri. Ukijaribu jambo la hatari, toa kwenye dadu ya pande 20 namba sawa na sifa yako au chini yake. Dakika kumi na tano mhusika yuko tayari.

Vita ndipo penye somo. Hakuna kukosa: ukishambulia unarusha dadu ya silaha, unapunguza deraya ya adui, inayobaki inaingia. Na mgeni anaanza na pointi 1 hadi 6 za kujikinga, zikiisha pigo linakula Nguvu. Anayekimbilia vita anaanguka mapema sana. Msimulizi aseme wazi kabla ya dadu kurushwa: "Wako watatu, wana mikuki, mkipambana uso kwa uso mmoja wenu ataanguka." Ukificha hatari kwenye mchezo huu umewanyima wachezaji kitu pekee cha kuamulia.

Kuhusu dadu, msisubiri za kuagiza. Dadu za ludo zipo kila duka. Kateni vikaratasi 10 vya ukubwa mmoja, namba 1 hadi 10, mtie mfukoni. Kwa pande 20, toa kikaratasi na urushe ludo: ikija 1 hadi 3 namba inabaki, ikija 4 hadi 6 ongeza 10. Pande 12, ludo mbili, ya pili ikija 4 hadi 6 ongeza 6 kwenye ya kwanza. Pande 8, vikaratasi, ukipata 9 au 10 rudia. Kikaratasi kirudishwe mfukoni kila mara, kikisahaulika nje hesabu yote imepinda.

Mnyapara
Cairn sawa, lakini haina kampeni ndani, na mgeni akiambiwa "tunga" anaandika falme sita asizozitumia. Andika pango moja lenye vyumba sita na kitu kimoja cha kuwaharakisha, kama saa inayopiga. Hapa kwetu saa hiyo ni bahari.

Chukua bamvua, yaani maji makubwa, la mita 3. Maji yanajaa kwa karibu saa sita, lakini si sawasawa. Mabaharia wanagawa kumi na mbili: 1, 2, 3, 3, 2, 1. Yaani sentimita 25 saa ya kwanza, 50 ya pili, 75 ya tatu, 75 ya nne, 50, kisha 25. Weka sakafu ya mlango wa pango sentimita 50 juu ya maji yalipopwa kabisa, na paa lake sentimita 200. Mwisho wa saa ya pili mlangoni kuna maji ya kifundoni na kidogo zaidi, ya tatu yamefika kiunoni, na kabla ya nne kwisha mlango umezama. Kila chumba ni nusu saa. Wakiingia maji yakianza tu kujaa, wanamaliza vyumba vyote na kutoka maji yakiwa kiunoni, au wanaacha viwili. Hapo wataamua wenyewe, na ndiyo mchezo.

Kosa la kawaida ni kuwaingiza maji yakitoka: hakuna haraka tena, wanagonga kila jiwe. Na mchezaji wa pwani atakwambia, "Turudi wiki ijayo, yatakuwa maji mafu, yasiyojaa sana, mlango hautazama." Kasema kweli, mkubalie. Ila mwenye ngalawa ya pili, anayewania pango hilo hilo, naye anajua hivyo.

Mwambao
Hili la maji limeniingia. Pango lenyewe tuliite Amboni, kama mapango yale ya hapa Tanga?

Bi Chumbageni
Hapana, mwanangu. Amboni kuna watu wanakwenda kutambika mpaka leo. Ukiweka jini wa kuuawa pale unachezea imani ya jirani, pengine ya mzazi wa mchezaji wako. Buni pango la ufukweni kuelekea Pangani, lipe jina lisilokuwepo. Na mhusika wa uchawi muiteni mjuzi. Mtu akisikia dirishani "mimi mchawi, namroga", kikao cha pili hakitakuwepo.

Mwambao
Nimeelewa, shukrani. Cairn, pango la ufukweni, vikao vitatu. Na watano wasipotimia?

Kaka wa Duga
Wakifika watatu anzeni. Wahusika wa wasiokuja wanabaki nje wanalinda ngalawa, na msimulizi aandike maji yalikuwa wapi mlipokatiza.