Nawashukuruje wapendwa wanaonibeba kwenye huduma?

mwinjilisti_vijijini
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na mbukwenyi kwa wa nyumbani. Mi ni mwinjilisti, nahudumu mitaa ya vijijini upande wa Bahi, Dodoma, mshahara hamna, ni posho ya parishi ikipatikana na jembe langu mwenyewe. Kinachonifanya niendelee ni watu. Kuna kijana tulisali naye zamani sasa hivi yuko Dar, kila mwisho wa mwezi anatuma hela ya mafuta ya pikipiki na anaweka na ya kutolea. Kuna mama mjane, mavuno yakiingia lazima alete debe la uwele mpaka mlangoni kwangu, hata ule mwaka mvua zilikatika mwezi wa pili na uwele ukaungua shambani alileta, debe halikujaa ila alileta, mke wangu alishindwa kuongea akabaki analia tu. Fundi pikipiki wa pale senta hajawahi kunidai hata mia ya kuziba pancha. Afu kuna wazee wao mfukoni hawana kitu kabisa ila usiku wa jumamosi wanakesha wakiniombea, najua kwa sababu jumapili wananiuliza ile ishu ya kijiji fulani imefikia wapi.

Sasa sikukuu ya mavuno inakuja na parishi wamesema nisimame nishukuru. Nikitaja majina naogopa itaonekana nawataja wenye hela, wale wa maombi je? Nisipotaja ni kama sijashukuru. Na huyu wa Dar kila nikimwandikia asante naona kama namkumbusha atume tena. Nyie mnafanyaje?

mlinzi_wa_zamu
Amina mtumishi. Kaa na Wafilipi 4 kuanzia mstari wa 10, usome polepole. Paulo yuko kifungoni, Epafrodito kamletea vitu kutoka Filipi, na Paulo anashukuru bila kuomba tena, anasema kabisa kwamba hakitamani kipawa chenyewe, anachotaka ni kiingie kwenye hesabu yao wao waliotoa. Afu anawakumbusha kwamba hata alipokuwa Thesalonike walimtumia, na sio mara moja. Yaani anasema kitu kimefika, kimeletwa na nani, na kimemkuta kwenye hali gani.

Kwa hiyo huyo wa Dar usimwandikie "ubarikiwe sana" peke yake, hiyo anaipata kwa kila mtu. Mwandikie mafuta ya mwezi huu yalikufikisha kijiji gani, ulimkuta nani, nani anajiandaa kubatizwa, wapi walikufungia mlango. Ishia hapo. Kama una uhitaji, huo utafutie meseji yake siku nyingine kabisa, usiubandike chini ya asante, ukiubandika tu ile asante yote inageuka kuwa ombi.

Mama wa Area C
Mi niko upande wa wanaotuma, acha niseme ya moyoni. Kuna mtumishi tunamchangia sisi akina mama wachache hapa Dodoma mjini, na kusifiwa wala hatuhitaji. Yeye ananirekodia sauti kwenye WhatsApp akiwa njiani, nasikia upepo na mbuzi wanalia, anasema mama leo nimepita kwa yule bibi uliyekuwa unamwombea mguu, amenifungulia mlango mwenyewe. Basi. Siku hiyo napika huku nasikiliza tena na tena maana najiona na mimi nilikuwepo pale.

Na kingine, mama yangu alipofariki, mtumishi huyo alipanda basi kutoka Kondoa akaja msibani, akalala nje na wanaume wengine mpaka tukazika. Sikumbuki kama siku ile alitamka neno asante ila tangu hapo sijawahi kujiuliza kama anathamini tunachotuma. Mtumishi waulize na wao wanapitia nini, usisubiri wao tu ndio wakuulize.

kipaza_sauti
Mi nashauri usitaje jina hata moja. Mathayo 6 iko wazi, mkono wa kushoto usijue wa kuume unafanya nini. Nimeshaona usharika watu hawasalimiani kisa mmoja katangazwa mabati yake na mwingine karukwa. Shukuru kwa makundi tu, wazee, akina mama, vijana, inatosha.

Mgogo wa Kongwa
@kipaza_sauti kaka hapo naomba tutofautiane kwa upendo. Mathayo 6 inamkataza mtoaji asijipigie tarumbeta, haijamkataza aliyepokea kushukuru. Warumi 16 Paulo anataja watu zaidi ya ishirini kwa majina, Fibi wa Kenkrea aliyewasaidia wengi, Priska na Akila waliokuwa tayari kufa kwa ajili yake, mama yake Rufo ambaye Paulo anasema ni mama yake na yeye. Huoni popote nani alitoa kiasi gani. Luka 8 nayo inawataja Yoana mke wa Kuza na Susana kwamba walimhudumia Bwana kwa mali zao, na kiasi hakijaandikwa. Ugomvi unaletwa na hesabu za pesa.

Tena sisi wa huku tunapaswa kuliona hili zaidi. Wamisionari wa CMS, lile shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870 na majina yao yapo vitabuni, ila waliowapikia, waliowabebea mizigo, waliowapa mtama njaa ilipopiga, wengi wao hatuwajui hata kwa jina moja. Inaniuma.

Mtumishi simama uwataje kwa kazi zao, na anza na wale wazee wa mkesha kabla hujagusa kitu cha hela. Yule mama usiishie kumtaja, palizi ikifika chukua vijana wa kanisa mkampalilie uwele wake.

mwinjilisti_vijijini
Mbarikiwe sana, nimewasomea na mke wangu hapa. Wazee naanza nao, na hilo la palizi nimeshaongea na mwenyekiti wa vijana amekubali. Wa Dar nimemwandikia habari za kijiji, amenipigia simu saa hiyohiyo tukaomba pamoja. Limebaki moja, yule fundi ni Mkatoliki, siku ya mavuno atakuwa misani kwake. Nimtaje hivyohivyo hayupo?

Mama wa Area C
Mtaje, ila kamuulize kwanza kama ataridhika. Na mwambie akitoka misa apitilize kwenu na mkewe kwenye chakula, mchinjieni kuku.