Mrejesho: prosesa ya kompyuta kugonga nyuzi joto 95 licha ya kupozwa kwa maji

Wakuu, niliuliza kwa nini prosesa inachemka ilhali rejeta (sehemu inayopoza maji kwa feni) ni mpya, ya milimita 240. Mliosema kuna hewa ndani ya mabomba ya maji mlipatia. Kwenye kasha langu dogo tangi la maji liko chini ya rejeta, kwa hiyo mapovu hukwama juu, kwenye rejeta.

Dawa: chomoa plagi zote za pawasaplai (kifaa cha kugawa umeme) isipokuwa ya pampu, kisha kwenye plagi yake ya pini 24 unganisha waya wa kijani na mweusi, ili pampu pekee izunguke. Inamisha kasha polepole kila upande, ukiongeza maji, tishu chini ya kila kiungo kuona kama panavuja. Sasa gemu nzito haivuki 74.

Aliyependekeza maji ya betri yanayouzwa petroli stesheni, hapana! Hapa Kampala chupa nyingine ni asidi. Tumia yaliyokenekwa, na dawa ya kuzuia ukungu.